Ni ya Kusoma Tu

Siku niliyofika kwa mwanangu, kabla hata sijavua viatu, alinipeleka mbele ya friji akanionyesha karatasi iliyobandikwa mlangoni. Herufi kubwa, zimechapwa, na chini yake muhuri wa shule.

"Inasema katika nyumba hii tunazungumza Kizungu peke yake," alininong'oneza, kwa Kiswahili, kama mtu anayeiba. "Ni utaratibu wa shule, Mama. Mtoto akisikia lugha moja tu nyumbani, kusoma kunamwingia haraka."

"Na mimi je?"

"Wewe jitahidi."

Mimi niliishia darasa la saba. Kizungu changu kinatosha kusoma pakiti ya sabuni na kuuliza choo kiko wapi. Mwanangu ni meneja wa duka la vigae. Chake kinatosha kuuzia vigae. Mke wake anapokea wagonjwa kwa daktari wa meno. Chake kinatosha kumwambia mtu akae, asubiri, zamu yake inakuja. Wakalishe watu kama hao mezani jioni, uwaambie wazungumze. Kilichosikika ni vijiko. Mwanangu akitaka kusimulia jinsi vibarua walivyomvunjia katoni nzima ya vigae, alianza vizuri, akakwama katikati, akatazama dari, mwisho akasema tu kwamba siku ilikuwa mbaya. Mkewe akamwambia pole. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo, na baada ya hapo wakajiona wamesoma.

Dada wa kazi aliyekuwepo kabla yangu alikwishakimbia. Alisema kazi haimsumbui, kinachomsumbua ni kukaa nyumba nzima kama yuko wodini. Ndipo nikaitwa mimi. Bibi hadai likizo wala hatoroki.

Sasa huyo mtoto aliyefanyiwa haya yote. Ni mjukuu wangu, na tangu akiwa mdogo tulimwita Chiriku, kwa sababu siku aliyojua kusema hakufunga tena mdomo. Aliongea na kuku, akaongea na kijiko, akaugombeza mguu wake wa kushoto kwa kujikwaa. Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa hajaanza shule, anabishana na kivuli chake ukutani na kivuli kinashindwa. Sasa namkuta yuko darasa la tatu, amekaa kwenye kochi, magoti pamoja, kimya kama mtungi. Kola ya sweta yake ya shule ilikuwa imelowa na kukunjamana kama tambara la kuoshea vyombo. Alikuwa anaitafuna. Hakuna aliyemkataza, maana hakuna aliyejua kutafuna kola kunaitwaje kwa Kizungu.

Kesho yake nilimketisha uani nikamsuka. Akatazama mlangoni kwanza, kisha akaniuliza kwa Kiswahili, sauti ndogo:

"Bibi, bweni kuna mtu wa kukusuka?"

"Bweni gani?"

"Nitakakopelekwa. Nikishindwa kusoma."

Jioni nikambana mwanangu, naye akanieleza bila kunitazama. Chiriku alikuwa mkiani katika kusoma. Mwisho wa muhula mwalimu mkuu mwenyewe angempima, na asipofaulu angehamishiwa tawi la bweni la shule hiyo hiyo, huko mbali, safari ya kutwa kwa basi. Huko watoto wanalowekwa katika Kizungu asubuhi mpaka asubuhi.

"Wanalowekwa," nikarudia. "Kama nguo."

"Mama, ni lugha ya kitaalamu."

"Na kusukwa?"

"Wananyoa wote. Ni usafi."

Mtoto wa miaka minane. Wala mwanangu hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningepata pa kumshika. Alikuwa mtu aliyeogopa kuonekana mshamba, na mwoga wa namna hiyo humuuza mama yake sokoni ili jirani aone ana kikapu.

Ili Chiriku asishindwe, walikuwa wamemwajiri mwalimu wa ziada. Alikuja kila siku mtoto akitoka shule, suti, viatu vyenye ncha ya kuchomea mende kwenye kona. Siku ya kwanza alinisalimu kwa Kizungu, nami nikamjibu marahaba, maana kijana akimsalimu mzee sijui kingine anachoweza kuwa amesema. Akakaa, akafungua kitabu, akafungua simu, akavuta sahani ya biskuti. Chiriku akasoma ukurasa mzima mbio mbio kama mvua kwenye bati. Akamaliza.

"Rudia," akasema mwalimu kwa Kizungu chake. Neno hilo hata mimi nilikuwa nalijua.

Chiriku akarudia. Mwalimu akapitisha kidole kwenye simu, akachukua biskuti.

"Rudia."

Akarudia. Ikawa hivyo mpaka sahani ikabaki na makombo, ndipo somo likawa limekwisha. Nikambatiza Bwana Rudia, moyoni tu.

Baba mtu naye akirudi kazini alikuwa na lake. Alisimama juu ya mtoto na simu mkononi, kidole tayari, akasema haya, soma. Anampima kwa saa. Chiriku anavuta pumzi, anamwaga maneno, akifika mwisho baba anabonyeza na kumwonyesha mkewe. "Leo ameongeza mwendo." Mkewe anapiga makofi. Mimi nikiwa shule tulikimbia mashindano ya magunia. Mshindi alikuwa aliyefika mbele, na hakuna aliyeuliza gunia lilikuwa na nini. Lakini yale yalikuwa magunia.

Siku moja nilikuwa jikoni nachambua maharage, naye Chiriku amekaa kwenye kigoda anajifua kwa ajili ya saa ya baba yake. Nikachungulia kitabu. Kulikuwa na picha ya nyumba inaungua na mzee amepiga magoti nje, mikono kichwani. Chiriku alikuwa anaisoma kwa sauti ile ya kwenye vipaza sauti vya stendi, ya kuwatangazia abiria kwamba basi liko tayari.

Nikamsogelea. "Huyu mzee analia nini?"

"Nani?"

"Huyu hapa. Si umesoma habari yake sasa hivi?"

Akaitazama picha kama mtu anayeonyeshwa picha ya harusi ya watu asiowajua. "Sijui, Bibi."

"Hujui, na umeisoma?"

Akanihurumia. Nilimwona kabisa akinihurumia, akashusha sauti kama mkubwa anayemweleza mdogo.

"Si ya kujua, Bibi. Ni ya kusoma tu."

Nikakaa na lile bakuli la maharage mapajani. Jirani yangu kule nyumbani anafuga kasuku, na kasuku yule akisema karibu ndani, wageni hucheka na kumpa karanga. Hakuna anayempima kwa saa wala kumtisha kwamba atanyolewa. Hawa walikuwa wamemchukua mtoto mwenye maneno mengi kuliko kijiji, wakamnyang'anya yote, wakampa mengine yasiyofungua kitu, halafu wanashangaa hasomi. Unamvua mtu viatu, kisha unamuuliza mbona huchezi.

"Nyumba yake imeungua," nikamwambia. "Ndiyo maana analia."

"Kweli?" Akairudia picha, safari hii akiitazama hasa. "Na kuku wake je?"

Ndipo mkwe wangu akaingia na mkoba wake begani, akasikia neno kuku.

Mezani jioni ile mwanangu aliweka kijiko chini. Walikuwa wamekwishapanga, maana mkewe alikuwa anaangalia sahani.

"Mama, tunakuheshimu sana."

Mtu akianza hivyo, shika kiti chako.

"Lakini ukizungumza naye Kiswahili unamchanganya. Mtihani umekaribia. Tunakuomba, mpaka upite, bora usizungumze naye kabisa."

"Kabisa?"

"Kabisa. Mwonyeshe kwa mkono."

"Akitaka kumwagikiwa na chai ya moto?"

"Mvute."

"Nikitaka kumwambia nampenda?"

Mwanangu akamtazama mkewe. Mkewe akasema, "Mkumbatie, Mama. Kukumbatia hakuna lugha."

Chiriku alikuwa hapo hapo, kola mdomoni, anasikiliza jinsi bibi yake anavyozimwa kama redio. Nikasema sawa. Na mimi nikisema sawa huwa ni sawa. Tangu jioni ile sikumtamkia mtoto yule neno.

Asubuhi nilichana mfuko wa unga uliokwisha, nikatwaa upande wa ndani ulio mweupe, na kalamu ya risasi niliyoikuta kwenye droo ya visu. Mwandiko wangu ni ule tuliofundishwa kwa kuchapwa, wa duara, herufi zimeshikana mikono. Lakini hizi niliziachanisha, moja moja, kubwa. Nikaandika: KITENDAWILI. Nikaiweka chini ya kikombe chake cha chai.

Akaiokota. Midomo ikaanza kwenda kwa mwendo ule wa saa, kwa sauti za Kizungu, akatoka na kitu ambacho hakijawahi kusemwa na binadamu. Akanitazama. Nikaendelea kukoroga uji. Akajaribu tena, polepole, akikata kama anayekata mkate. Mara midomo ikasimama na macho yakafunguka. Lile neno lilikuwa limemwitikia. Alikuwa analijua lile neno, alilifahamu tangu akiwa mgongoni kwangu, na hakuwahi kudhani kwamba neno analolijua linaweza kukaa kwenye karatasi.

Alichukua kalamu akaandika chini yake, herufi zikipanda mlima: TEGA.

Jioni akakuta ndani ya kiatu chake: *Ameza nguo chafu, anywa maji mengi, atetemeka kama ana homa, kisha atapika nguo safi.* Alizunguka nyumba nzima na kile kipande. Alikisoma akiwa amesimama, akakisoma tena akiwa amelala chini ya meza. Nikasikia kicheko kimoja kikubwa kutoka kule nyuma ya jiko, nikaenda, nikamkuta amekaa sakafuni mbele ya mashine ya kufulia, anaipigapiga mlango kama mtu aliyemkamata mwizi.

Kitendawili hakina mwendo. Ukikipita mbio, umekikosa, na aliyekitega anabaki anakucheka. Ndiyo maana nilimpa hivyo, wala sikuwa nimekaa nikapanga kama wataalamu. Nilikatazwa kusema naye, na mimi na yeye hatukuwahi kukaa bila vitendawili. Karatasi ndiyo ilikuwa mdomo uliobaki.

Hatukujificha. Vipande vilikuwa kwenye meza, kwenye mfuko wa shule, kimoja nilikiweka ndani ya kopo la sukari. Mkwe wangu alikiokota hicho, akakitazama juu juu. "Mama kaandika vitu vya sokoni," akamwambia mumewe, akakirudisha. Watu waliojaza nyumba karatasi za kusoma, na hawakusoma karatasi iliyokuwa kwenye sukari yao.

Baada ya muda Chiriku akaanza kunitegea mimi. Cha kwanza kilikuwa na makosa ya herufi na alama ya chai: *Nina mjomba ana neno moja tu, na neno hilo linamlisha biskuti kila siku.* Nilicheka mpaka nikashika sinki. Nikaandika jibu, akalibeba shuleni kifuani ndani ya sweta. Kola siku ile ilirudi kavu.

Kilichofuata sikukitarajia. Mtoto yule alikuwa amegundua kwamba maandishi yana kitu ndani, na mtu akishagundua hivyo humwezi tena. Alianza kukitafuta hata katika maandishi ya Kizungu. Siku moja nilikuwa napiga pasi sebuleni, Bwana Rudia yuko kwenye biskuti ya tatu, Chiriku akasimama katikati ya mstari, akaweka kidole.

Akauliza kwa Kizungu, na nilielewa kwa kile Kizungu changu cha pakiti ya sabuni: hiki ni nini.

"Rudia," akasema Bwana Rudia.

Akarudia mstari, akafika pale pale, akasimama pale pale. Akauliza tena. Bwana Rudia akaweka simu chini, akavuta kitabu, akakitazama karibu, akakitazama mbali. Shingo ikaanza kutoa jasho juu ya tai.

"Ni jina la mtu," akasema.

Chiriku akafungua ukurasa wa pili. Kulikuwa na picha ya sufuria na mama anakoroga. Akaisoma mistari ya chini yake kwa kidole, akalikuta neno lile lile, akainua macho, na Kiswahili kikamponyoka.

"Mbona wanampika?"

Nikageuza pasi upande wa ukuta, maana uso wangu haukuwa wa kuonyesha wageni. Bwana Rudia alitia biskuti nzima mdomoni ili asiweze kujibu.

Lakini alikwenda kusema. Alimsubiri mwanangu nje kwenye geti, akamweleza kwamba mtoto ameharibika. Zamani alikuwa anatiririka, sasa anasimamasimama na kuuliza maswali, ana ukaidi. Mwanangu akaingia na simu mkononi. "Soma." Chiriku akasoma. Alisoma kama mtu anayechagua nyanya, anashika neno, analigeuza, analiweka, anarudi nyuma kulitazama lililopita. Mwanangu akatazama saa, uso ukamshuka.

"Mwendo umepotea nusu," akamwambia mkewe. "Wiki ya mtihani."

"Anasoma kama mzee anayepanda ngazi," mkewe akasema.

Wakatafuta chanzo, na chanzo kilikuwa kimezagaa nyumba nzima. Mwanangu akakusanya karatasi kutoka kwenye meza, chini ya mto wa mtoto, kwenye rafu ya vikombe. Akanijia nazo mkono umejaa.

"Mama, tulikubaliana."

"Sijamwambia neno."

"Umemwandikia. Kiswahili."

"Ulinikataza kusema. Ungetaka nisiandike ungesema, nisingekataa."

"Unaona jinsi anavyosoma sasa? Mke wangu anasema kama mzee anayepanda ngazi."

"Mzee anayepanda ngazi, mwanangu, walau anajua anakwenda kwa nani."

Hakucheka. Alisema nafasi ya bweni ni kama wamekwishaichukua, na mtihani ukipita nami nitarudi nyumbani kupumzika, nimechoka. Mimi sikuwa nimechoka. Akazikunja karatasi zote akazitia kwenye pipa la taka, na juu yake akamwaga majani ya chai. Chiriku alisimama mlangoni akitazama. Mkono ukapanda, ukaikamata kola, ukairudisha mdomoni.

Siku ya mtihani mkwe wangu alikuwa kazini. Mimi sikualikwa, lakini Chiriku alishika gauni langu pale getini na hakuliachia, na mwanangu hakutaka majirani wamwone akimbandua mtoto kwa bibi yake. Tukaenda watatu.

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na kabati la vioo lenye kufuli, limejaa vitabu. Vipya, vimenyooka kama askari wa gwaride, bado vimevaa nailoni. Watoto wa darasa la Chiriku, nilikuja kujua, wanasoma kitabu kimoja watu wanne, na anayekaa pembeni anasoma kiwiko cha mwenzake. Hivi vilikuwa vya wageni. Mgeni akija anaonyeshwa kabati, anapigwa picha nalo.

Mwalimu mkuu alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo, sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya uwanja. Alizungumza na mwanangu kwa Kizungu, mwanangu akatikisa kichwa kila mahali palipokuwa na pumziko. Mezani kulikuwa na saa ya kupimia, na karatasi ya kusomwa iliyofunikwa plastiki, pembe zake zimelika kwa mikono ya watoto wa miaka na miaka. Na fomu. Mwanangu alininong'oneza vipengele vyake: mwendo, matamshi, kusimama wima.

"Na kuelewa?"

"Mama, tafadhali."

Chiriku akasimama wima. Saa ikabonyezwa. Akaanza, na moyo wangu ukashuka pamoja naye kila alipotua, maana alitua kila mahali. Mwalimu mkuu alikuwa anatazama dirishani. Mwanangu anatazama saa, midomo inahesabu. Mtoto akafika katikati, akarudi mstari mmoja juu, akaupitia tena kwa macho bila sauti. Nikafumba macho nikamwona kichwa kimenyolewa.

Kisha akacheka.

Si kicheko cha aibu. Kilimtoka puani kwanza, akajaribu kukimeza, kikamshinda. Mwalimu mkuu aligeuka kama amechomwa. Akauliza kitu kwa Kizungu, mkali, na mwanangu akaanza kuomba radhi kabla swali halijaisha. Mkono wa Chiriku ukaanza kupanda kuelekea kola.

Hapo nikaona nimenyamaza vya kutosha.

"Mwambie, mjukuu wangu. Mwalimu amekuuliza unacheka nini."

"Mama," mwanangu akasema.

"Kauliza. Akiuliza mkubwa, unajibu."

Chiriku akamtazama mwalimu mkuu, akatazama karatasi, akasema kwa Kiswahili cha haraka, kile chake cha zamani cha kugombana na kivuli:

"Huyu bwana kanunua kufuli kubwa afunge ghala, wezi wasiingie. Sasa akaogopa, ufunguo usije ukapotea. Akatafuta mahali pa kuuweka, hapaoni, hapaoni. Mwisho akauweka ndani ya ghala, maana ndani ndiyo salama. Akatoka. Akafunga." Kicheko kikamrudia. "Halafu amekaa nje analinda."

Mwalimu mkuu akasema, kwa Kiswahili kwa mara ya kwanza, "Haijaandikwa hivyo."

"Iko hapa, Mwalimu. Na hapa."

Mwalimu mkuu akaichukua karatasi, akavaa miwani, akaisoma. Midomo ilikuwa inakwenda. Akarudi juu kidogo, akashuka tena. Nilimwona anafika mahali penyewe, kwa sababu kona ya mdomo ilitikisika, akaishika kwa kidole isiendelee.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani ni somo la kutunza mali."

Ningeweza kumcheka, na nikiwa nyumbani kwangu ningemcheka mpaka jirani aje kuuliza. Ni mtu aliyekuwa akiwapeleka watoto wa wenzake bweni kwa karatasi asiyowahi kuisoma. Lakini nilikuwa nimeshikwa gauni, na uamuzi ulikuwa bado uko mezani kwake, nikatia adabu usoni.

Akavuta fomu. Akajaza mwendo, hafifu. Matamshi, wastani. Kusimama wima, alicheka akainama, hafifu. Kalamu ikasimama juu ya karatasi ikitafuta nafasi nyingine, na nafasi nyingine haikuwepo. Akamrudishia mwanangu fomu bila kunitazama mimi.

"Kwa vipimo vyetu ameshindwa. Nafasi ya bweni ipo, mzazi. Ni juu yako."

Yaani aliona. Aliona kwa macho yake mawili na miwani juu, akaandika hafifu.

Kwenye gari mwanangu hakuwasha redio. Tulipita soko, tukapita kituo cha mafuta. Mimi nilikuwa najiandaa kwa maneno, na mengi yalikuwa makali.

"Kwa hiyo ufunguo ulikuwa ndani," akasema, kwa Kiswahili, akitazama mbele.

"Ndani, Baba," Chiriku akajibu kutoka nyuma.

"Na yeye nje."

"Nje. Analinda."

Kwenye taa za barabarani, taa ikiwa nyekundu, mabega ya mwanangu yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Taa ikawa kijani, wa nyuma yetu wakapiga honi, naye bado amelalia usukani anacheka.

"Na mimi nilikuwepo," akasema alipopata pumzi. "Nimesimama pale pale, nasikia kila neno. Nilikuwa nahesabu sekunde. Mama, sikusikia kitu."

Kuna wakati mtu akijitukana mwenyewe vizuri hivyo huongezi chumvi.

Mezani jioni mkwe wangu aliuliza kwa Kizungu matokeo yakoje. Mwanangu akaanza kwa Kizungu, akakwama pale anapokwamaga, akatazama dari. Kisha akaacha.

"Ameshindwa," akasema. "Lakini haendi."

Mkewe akaweka kijiko chini. "Haendi wapi?"

"Bweni. Atabaki hapa."

"Na shule itasemaje?"

"Itasema ameshindwa."

"Na wale wazazi wenzetu? Si kila mtu anajua tulishaomba nafasi?"

"Wajue." Alikuwa anaogopa bado, mtu habadiliki kwa taa moja nyekundu. Na Bwana Rudia anakuja mpaka leo, mwanangu anasema kumwachisha kutaonekana vibaya. Nami bado nipo, hakuna aliyeleta tena habari za mapumziko yangu. "Mwambie mama yako ile habari," akamwambia Chiriku.

Mtoto akatutazama mmoja mmoja. "Kwa lugha gani?"

"Ile uliyochekea."

Akaisimulia, na safari hii bwana wa ghala akapata kofia na kitambi. Mkwe wangu alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka hata kidogo, akakunja uso.

"Kwa nini asivunje mlango?"

"Kwa sababu ndani kuna mali, Mama. Akivunja, wezi wataingia."

"Si aite fundi?"

"Fundi akiweza kuufungua, kufuli lile ni la nini?" mwanangu akadakia. "Mimi kufuli za ghalani kwangu—"

"Za kwako mbovu, ulisema mwenyewe."

"Nilisema lini?"

"Ulisema, Baba," Chiriku akasema, mdomo umejaa. "Ulisema kwa Kizungu. Hatukuelewa, lakini ulisema."

Wakabishana wote watatu kwa pamoja, kila mmoja anamkata mwenzake, mpaka chakula kikapoa. Mimi nilikula changu, kisha nikavuta sahani ya mwanangu nikala na chake.